Shujaa Mezani: Maoni Juu ya Michezo ya Batman

Swali lililonifanya niandike insha hii niliulizwa na mpwa wangu, mtoto wa miaka 10, jioni moja tulipokuwa tumekaa mkekani na karata 16 mbele yetu. Alizigeuza zote uso juu, akazipanga kwa hesabu zilizochapwa pembeni mwake, kisha akakunja uso. "Mjomba," akasema, "kwa nini Batman ni moja na Joker ni nane?"

Nilitaka kumjibu upesi kwamba hesabu ya karata ni hesabu tu, haina maana nyingine. Nikajizuia, kwa kuwa jibu la haraka kwa swali la kweli ni namna ya kumfukuza aliyeuliza. Tena nilijua swali lile lilikotoka. Mwaka huo mtoto alikuwa ameanguka mtihani, akaambiwa arudie darasa. Tangu siku ile alikataa kila mchezo uwezao kumshinda. Mpira aliususa, drafti aliisukuma kando, na bao, ambalo babu yake alimfundisha kwa mkono wake mwenyewe, alilikimbia kama deni. Karata hizi alizikubali kwa sababu moja: zilikuwa na sura ya Batman, na Batman, kwa imani yake, hashindwi. Sasa aliona kwa macho yake kwamba shujaa wake amewekwa chini kabisa, na adui wa shujaa amewekwa juu.

Insha hii yatafuta jibu la swali hilo. Katika kulitafuta nitapima michezo kadha wa kadha iliyotengenezwa kwa jina la Batman, kwa kipimo kile kile ambacho mhakiki hupimia tamthilia iliyotolewa katika hadithi: je, kazi ya pili yasema kweli juu ya kazi ya kwanza, au yaisifu tu? Nasema mapema nionavyo, ili msomaji anihukumu tuendapo. Mchezo humtendea haki shujaa pale unapothubutu kumwacha ashindwe. Usiothubutu humfanya picha ya kubandika juu ya sanduku, na picha ya sanduku haimfundishi mtu neno.

Kwanza tumjue shujaa mwenyewe. Batman, yaani mtu-popo, alitokea katika toleo la 27 la Detective Comics, lenye tarehe ya Mei 1939, mwaka mmoja baada ya kutokea Superman. Waliomwumba ni wawili, Bob Kane aliyechora na Bill Finger aliyeandika. Kwa miaka mingi jina la Kane peke yake ndilo lililochapwa; la Finger, aliyefariki mwaka 1974, halikutiwa rasmi kando ya lile mpaka mwaka 2015. Tofauti na Superman, shujaa huyu hana nguvu zipitazo nguvu za binadamu. Haruki angani, wala risasi haimwogopi. Ni Bruce Wayne, tajiri wa mji wa kubuni uitwao Gotham, ambaye baba yake na mama yake waliuawa mbele ya macho yake akingali mtoto. Akaapa kupigana na uhalifu, akaufunza mwili wake na akili yake, na usiku huvaa vazi la popo ili waovu wamwogope. Basi asili yake ni kushindwa: alishindwa kuwaokoa wazazi wake. Yote ayatendayo baadaye ni jibu la usiku ule mmoja.

Lakini hadithi itolewayo kila mwezi ina sharti ambalo hadithi ya kale haikuwa nalo. Haina ruhusa ya kwisha. Shujaa akifa leo, mwezi ujao muuzaji atauza nini? Hata adui hana ruhusa ya kufa. Joker alipotokea mara ya kwanza mwaka 1940, alikusudiwa kufa katika kitabu kile kile. Mhariri akaona kuwa mtu huyu ana faida akiwa hai, na picha ikaongezwa mwishoni kuonyesha kwamba angali anapumua. Toka siku hiyo wawili hao wamekuwa wakipigana kwa zaidi ya miaka 80, na hakuna anayeshinda kabisa wala anayeshindwa kabisa.

Mtu wa pwani akisikia habari hii hukumbuka kwa lazima shujaa wake mwenyewe. Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad Kijuma alizitungia utenzi mwaka 1913, naye hakuweza kuuawa kwa silaha za kawaida. Walakini alikuwa na mahali pamoja pa mauti, kitovuni, na chombo kimoja cha mauti, sindano ya shaba. Na aliyeichoma alikuwa mwanawe. Ukiiondoa sindano ile, utenzi wote wapoteza uzito wake. Twampenda Liyongo kwa nguvu zake, lakini twamkumbuka kwa kifo chake. Batman wa kitabu cha kila mwezi hakupewa sindano. Amenyimwa mwisho, na aliyenyimwa mwisho amenyimwa pia nusu ya ushujaa.

Mchezo, kwa upande wake, una sheria zilizo kinyume cha mambo haya. Sheria ya kwanza ni usawa: waketio kucheza huanza sawa, au wakianza mbalimbali huwekewa mizani ya kuwasawazisha. Ya pili ni mwisho: usiokwisha si mchezo. Ya tatu ni hatari: kila achezaye lazima aweze kushindwa, la sivyo ushindi wake hauna thamani. Sisi twazijua sheria hizi kwa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32, na hakuna kete iliyo bora kuliko mwenzake. Kete iliyotekwa haitupwi nje kama maiti. Huingizwa upande wa aliyeiteka, ikamtumikia bwana mpya kama ilivyomtumikia wa kwanza. Katika bao hapana kete njema na kete mbaya. Uzuri na ubaya umo katika mkono uchezao.

Sasa msomaji aone ugumu ulivyo. Hadithi yataka shujaa mmoja. Meza ina watu wawili, watatu au wanne. Hadithi yataka shujaa ashinde. Mchezo wataka aweze kushindwa. Hadithi haitaki kwisha. Mchezo lazima wishe kabla ya chakula cha usiku. Atengenezaye mchezo wa Batman ni kama seremala aliyeagizwa kiti cha enzi kitakachokaliwa na watu wanne kwa pamoja. Kila fundi amelijibu tatizo hili kwa njia yake, na kwa majibu hayo twaweza kuwapima.

Jibu la kwanza ni kongwe, nalo ni jibu la mbio. Kampuni ya Milton Bradley ilianzishwa na mpiga chapa mwenye jina hilo huko Springfield, Massachusetts, na mwaka 1860 ilitoa mchezo uitwao The Checkered Game of Life. Ubao wake ulikuwa na miraba ya wema na miraba ya uovu, na mchezaji alisonga kwa kuzungusha pia yenye namba, kwa kuwa dadu ilihesabiwa kuwa chombo cha kamari. Mchezo ule ulikuwa na mafundisho hata ukazidi. Miaka 80 baadaye, mwaka 1940, kampuni hiyo hiyo ilitoa mchezo wa Superman ambao jina lake lenyewe, Superman Speed Game, latangaza mbio. Kisha tarehe 12 Januari 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo wa Batman, mwigizaji wake akiwa Adam West. Nchi nzima ikashikwa na homa ya popo, na mwaka huo huo Milton Bradley wakauza mchezo wa Batman.

Umbo la michezo ya kundi hili lajulikana kwa kila aliyewahi kuwa mtoto: njia ya miraba, bahati ya dadu au ya mshale uzungukao, na mwenye bahati atangulie. Sisemi kwamba haina wema wake. Bibi na mjukuu waweza kuicheza pamoja, na mjukuu aweza kushinda. Lakini tuulize ni nini kilichobaki cha Batman humo. Mtu ambaye sifa yake kuu ni kujiandaa kabla ya wakati amegeuzwa mtu wa kungoja dadu. Ukifuta popo ubaoni na kuchora sungura, hakuna sheria itakayobadilika. Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia mpaka mwisho: futa picha, kisha uone kama mchezo umeumia.

Kipimo hicho hicho chaihukumu Monopoly ya Batman. Mchezo ule ulivikwa nguo za Gotham kama ulivyovikwa nguo za miji na sinema nyingine nyingi. Ndani ya nguo ni yule yule: mshindi ni yule aliyewafilisi wenzake. Mtu aweza kusema kwa mzaha kwamba Bruce Wayne ni tajiri, kwa hiyo nguo zamfaa. Ni mzaha mzuri, lakini ni mzaha wenye kuumiza, kwani mji ule alioapa kuulinda hapa anaununua mtaa kwa mtaa.

Jibu la pili ni la ujasiri zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya WizKids ilitoa Batman: Gotham City Strategy Game, ambamo wachezaji hawawi Batman hata kidogo. Mmoja huwa Joker, mwingine Penguin, mwingine Two-Face, mwingine Killer Croc, na kila mmoja hujitahidi kuutia mji mkononi mwake. Batman yumo ubaoni, ila si wa mchezaji. Yeye ni balaa ya kukwepwa, kama askari wa doria kwa wezi. Fundi huyu ameitatua hesabu ya kiti cha enzi kwa kukiondoa kiti. Usawa umepatikana, maana waovu wanne ni sawa kwa uovu. Mwisho umepatikana. Hatari imepatikana. Ukifuta picha mchezo waumia kidogo, kwa sababu hofu ya yule mmoja asiyenunulika ndiyo inayowaunganisha wanne.

Hata hivyo nina shaka nao. Mtoto akaaye mezani kwa saa nzima akiupanga wizi wa mji, na kumwona mlinzi wa mji kama mkosi, anafunzwa kumtazama shujaa kwa jicho la adui zake. Jicho hilo lina elimu yake, na mtu mzima aweza kuipata: hapana njia bora ya kujua thamani ya haki kuliko kuona jinsi inavyomsumbua mwovu. Lakini swali letu halikujibiwa. Batman hapa hashindwi wala hashindi, kwa kuwa hachezi. Fundi amemwokoa shujaa na aibu ya kushindwa kwa kumnyima nafasi ya kuketi.

Jibu la tatu ni kubwa kwa kila maana ya ukubwa. Mwaka 2018 kampuni ya Kifaransa ya Monolith ilichangisha kwa njia ya intaneti zaidi ya dola milioni 4, toka kwa watu zaidi ya 19,000, ili itengeneze mchezo wa Batman: Gotham City Chronicles. Sheria zake zilitokana na mchezo mwingine wa kampuni hiyo, Conan, uliotoka mwaka 2016, kazi ya Frédéric Henry. Mchezaji mmoja huwashika waovu wote. Waliobaki huwa Batman na wasaidizi wake, na hapo Batman ni mmoja kati ya wenzake, si mfalme wao. Sanamu zake ndogo ni nyingi na zimechongwa kwa ustadi, na bei yake ni ya watu wenye fedha ya anasa. Mhakiki asiseme bei ni jambo la nje ya sanaa. Mchezo usioweza kununuliwa na watoto ni mchezo wa watu wazima wanaoukumbuka utoto wao.

Walakini ndani ya sanduku hilo zito mna wazo moja jepesi na zuri. Kila shujaa hupewa vito vichache vya rangi. Akitaka kupiga hutumia vito. Akitaka kukimbia hutumia vito. Akitaka kujikinga asiumie, vito vile vile. Vilivyotumika huwekwa mahali pa uchovu, na hurudi polepole, na kwa upesi zaidi shujaa akikubali kupumzika zamu hiyo. Akijeruhiwa, vito vyake huhamishwa mahali pa majeraha. Vikiisha huko, naye amekwisha. Basi nguvu, pumzi na damu ni kitu kimoja, nacho kina hesabu. Mchezaji anayemshika Batman hukaa akijiuliza: nipige sasa nibaki bila kinga, au nipumzike huku saa ya mwovu inasonga? Hapa kwa mara ya kwanza twakutana na binadamu ndani ya vazi. Kitabu cha picha chaweza kutuambia kwamba Batman hana nguvu za ajabu, kisha kikamfanya apigane usiku kucha bila kuhema. Vito havisemi uongo huo. Futa picha, na mchezo waumia: Superman asiyechoka hangeweza kuketi mahali hapa.

Si Batman peke yake aliyepata bahati ya wazo la namna hiyo. Katika Marvel Champions, mchezo wa karata wa mwaka 2019, karata ya Spider-Man ina nyuso mbili: upande mmoja ni shujaa, upande wa pili ni Peter Parker, kijana wa kawaida. Akiwa shujaa, mwovu humshambulia. Akigeuka Peter aweza kujiuguza, lakini wakati huo mwovu huendeleza hila zake bila wa kumzuia. Maisha ya siri, ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi, hapa yamewekwa katika kitendo cha kugeuza karata moja. Huo ndio ufundi nisemao: sheria yenyewe iwe maana, si picha iliyo juu yake.

Jibu la nne ni la upweke. Mwaka 1986 Frank Miller alitoa kwa sehemu 4 hadithi ya Batman mzee wa miaka 55, aliyeacha kazi kwa miaka 10, kisha akarudi na mwili unaomlaumu. Kampuni ya Cryptozoic iliitolea hadithi hiyo mchezo, nao ulifanywa hasa kwa mchezaji mmoja. Tatizo la kiti cha enzi limekwisha, kwani amebaki mtu mmoja chumbani, naye aketi. Nauheshimu uamuzi huu, kwa kuwa wakubali kwamba hadithi ile ni ya mtu anayepigana na uzee wake mwenyewe. Ila kuna hasara. Mtu ashindwaye peke yake hana wa kumwona, naye aweza kuyarudisha mambo nyuma na kujidai kwamba hayakutokea. Kushindwa mbele ya mwenzio ndiko kushindwa kwenye mafunzo, maana ndiko kukulazimishako kumpa mwenzio mkono.

Sasa narudi mkekani kwa mpwa wangu. Mchezo tuliokuwa nao ulikuwa Love Letter: Batman, wa mwaka 2015. Msomaji mwenye kumbukumbu atanikamata hapa, na ana haki. Mchezo huo haukutungwa kwa ajili ya Batman. Ni kazi ya Mjapani, Seiji Kanai, iliyotoka mwaka 2012, na katika asili yake wachezaji hushindana kufikisha barua ya mapenzi kwa binti mfalme. Miaka mitatu baadaye askari walivuliwa wakavikwa vazi la popo, na binti mfalme akapakwa rangi akawa Joker. Kwa kipimo changu mwenyewe, je, si mchezo wa kuazima nguo kama Monopoly?

Nilidhani hivyo mpaka nilipoucheza. Sheria zake zaweza kuelezwa kabla chai haijapoa. Kila mtu ana karata moja mkononi. Zamu yake ikifika huokota ya pili, kisha hushusha moja kati ya hizo mbili na kutenda inavyoamuru. Karata zikiisha, mwenye hesabu kubwa kati ya waliosalia ndiye mshindi wa duru. Katika karata 16, Joker ni mmoja tu, na hesabu yake ni 8. Batman ni watano, na kila mmoja hesabu yake ni 1. Ashushaye Batman humwelekea mwenzake na kutaja karata anayodhani mwenzake ameificha. Akikosea, hapana kitu. Akipatia, mwenzake ametoka katika duru, naye hupata alama kwa kumfichua. Na Joker? Mwenye kumshika hana ruhusa ya kumwachia. Siku amwachiapo, yeye mwenyewe ametoka.

Hapa nguo ya kuazima yamkaa aliyeazima kuliko mwenyewe. Gazeti alikozaliwa Batman lilikuwa la upelelezi, na jina lake lasema hivyo. Kabla hajawa mtu wa ngumi alikuwa mtu wa kutafuta nani amejificha wapi. Michezo mikubwa yenye sanamu imeikumbuka ngumi ikausahau upelelezi. Hii karata ndogo, pengine bila kukusudia, imeukumbuka. Batman wake hampigi mtu; anamtaja. Na kumtaja kwataka kukumbuka karata zilizopita, kusoma uso wa mwenzio, kujua kwa nini alisita. Akili ya karata hii ndiyo akili ya bao: kuhesabu kimya kimya kilicho mkononi mwa mwingine.

Nikamwambia mpwa wangu hivi. "Hesabu iliyo juu ya karata si sifa ya mtu. Ni hesabu ya faida apatayo mwenye kuishika mpaka mwisho. Joker ni nane kwa sababu uovu una faida kubwa kwa anayeweza kuuficha. Lakini mtazame anayemshika: hawezi kumwachia, hawezi kumwonyesha, kila akielekewa moyo unamruka. Batman ni moja kwa sababu hakuwekwa ashikwe. Amewekwa atumike. Ukimng'ang'ania mpaka mwisho utashindwa na karibu kila mtu. Ukimshusha kwa wakati wake, yeye peke yake aweza kumtoa Joker kwa kumtaja jina."

Akafikiri. Akauliza, "Na kwa nini wako watano?"

Swali hili la pili sikulitazamia, na ndilo lililonifumbua macho. Wako watano kwa sababu, katika mchezo huu, Batman si mtu bali ni kazi. Leo kazi imeangukia mkononi mwangu, zamu ijayo mkononi mwako. Tatizo la kiti cha enzi, lililowatoa jasho mafundi wa masanduku makubwa, hapa limetatuliwa bila kelele: shujaa haketi mahali pamoja. Huzunguka meza. Wote huanza sawa, wote huwa yeye kwa muda, na wote huweza kushindwa naye akiwa mkononi mwao.

Sitaki kuusifu mchezo kuliko haki yake. Una bahati nyingi. Mara nyingine mtu hutolewa kabla hajashusha hata karata moja, na hapo hapana akili iwezayo kumsaidia. Mwenye kutaka hadithi ndefu hataipata. Na msomaji ana haki kuuliza kama maana hizi nimezikuta mle au nimezitia mwenyewe. Namjibu kwamba sheria zimo, yeyote aweza kuzisoma, na maana niliyoitoa haizidi sheria. Fundi aliyechagua nani awe moja na nani awe nane alichagua vema, hata kama alichagua kwa kuwa nafasi zilikuwa zile. Ushonaji wa nguo iliyopo nao ni ufundi.

Tulicheza duru kadhaa jioni ile. Katika mojawapo mtoto alikuwa na Batman mkononi nikashusha Bane. Karata hiyo hulazimisha wawili kulinganisha walizo nazo, na mwenye ndogo hutoka. Basi Batman akatoka. Nilimhadithia kwamba hata vitabuni, mwaka 1993, Bane alimvunja Batman mgongo, na ikapita muda mrefu kabla hajarudi. Hakuwa amejua. Kwa miaka yake yote 10 alikuwa amemwamini mtu asiyeshindwa, na hakuna aliyemwambia kwamba huyo mtu aliwahi kulala kitandani asiweze kusimama. Alinitazama kama niliyemnyang'anya kitu. Kisha akauliza, "Alirudi vipi?"

Nadhani ndilo swali ambalo michezo ya shujaa yapasa kulizaa, na ndilo ambalo iliyo mingi yaliua. Shujaa asiyeshindwa hana msaada kwa mtoto aliyerudishwa darasa. Ni mtu wa nchi nyingine, asiyejua lugha yake. Shujaa ashindwaye akarudi ni jirani. Vitabu vya kila mwezi havikuweza kumpa Batman sindano yake ya shaba, kwa sababu ya biashara. Meza yaweza kumpa, mara kumi kwa jioni moja, na kila mara akafufuliwa kwa kuchanganya karata. Liyongo alikufa mara moja, na utenzi ukamhifadhi. Huyu wa mezani hufa kila duru, na kinachohifadhiwa ni moyo wa aliyemshika.

Duru ile mpwa wangu alishindwa. Alinyamaza kidogo, akazitazama karata zilizolala mkekani, moja na nane na zote zilizo katikati. Kisha akazikusanya, akazichanganya, akanigawia.